Siku Walipolifunga Neno Moyo

Neno halikujulikana mpaka kitambaa kifunuliwe. Ndivyo sheria ya kituo ilivyotaka, ili mfungaji asije akapata nafasi ya kulionea huruma. Generoza Nyenza alikwisha kukifunua kitambaa hicho mara nyingi, na kila mara alikikunja vizuri na kukiweka pembeni kama mtu anayeondoa kawa kwenye chakula cha wageni. Asubuhi hiyo alikifunua, akasoma, na kitambaa kikamponyoka mkononi.

Kwenye kioo cha mtambo paliandikwa MOYO.

"Kuna tatizo, Bi Nyenza?" aliuliza Daktari Mwampashi, mkuu wa kituo, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha kahawa.

"Hakuna, Daktari."

Lilikuwepo. Lilikuwa na umri wa miaka minane, lilikuwa nyumbani mtaa wa Majengo likilisha kuku, na jina lake lilikuwa Ngalula.

Generoza aliketi. Aliogopa, tena si ile hofu ya kawaida ya siku za kufunga, ambayo huja na kupita kama kiungulia. Hii ilikuja ikakataa kuondoka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Miaka yote hiyo alikuwa ameushika mkuki yeye, na nguruwe walikuwa watoto wa wenzake.

Zama hizo kila mtu, kutoka Songea hadi Kananga, alikuwa na kokwa nyuma ya sikio. Ilipachikwa chini ya ngozi mtoto alipoanza shule. Ukisema kwa lugha yako, mwenzako husikia kwa yake. Ilileta heri, na asiyekubali hilo ni mbishi tu. Madereva wa malori waliacha kushikana mashati mpakani Tunduma. Wajawazito hawakufa tena kwa sababu nesi hakuelewa kilio chao. Lakini mtambo uliozilisha kokwa hizo, ambao watu waliuita Shina, ulikuwa na ugonjwa wake. Ulijikwaa kwenye maneno ambayo ni ndugu kwa kuzaliwa ila tabia zao ni mbalimbali. Basi kila msimu Shina lilichagua neno moja la namna hiyo, likapewa maana moja, na maana nyingine zote zikafutwa. Huko ndiko kufunga neno.

Wasomi waliosaini mpango huo walisahau jambo dogo, au pengine walilijua wakanyamaza. Kumbukumbu za mtu zimetungwa kama shanga, na uzi wake ni maneno. Kokwa ilipokata uzi, shanga zake nazo zilidondoka.

Generoza alilijua hilo kwa sababu ya Mjomba. Mjomba alikuwa mlinzi wa lango la kituo, mzee mcheshi, na hakuna aliyewahi kumwita kwa jina lake la Kasiani. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mjomba. Siku neno hilo lilipofungwa, likabaki kuwa kaka wa mama na si mtu mwingine yeyote, kesho yake wafanyakazi walipita langoni kana kwamba wanapita ukuta. Hawakuwa na kiburi. Hawakumjua tu. Alivumilia siku chache kisha akaacha kuja. Wafungaji na wenzao wachache wa chumba cha Shina ndio waliomkumbuka, kwa kuwa siku ya kazi walivuliwa kokwa zao kwa koleo ndogo ya chuma, zikawekwa kwenye bakuli, ili awepo wa kuthibitisha kilichofanyika. Generoza alikutana naye sokoni baadaye, amekaa juu ya gunia tupu. Yule mzee akamshika mkono. "Bibi, wewe unaniona?" Generoza akajibu, "Nakuona, Mjomba," halafu akaharakisha kuondoka.

*

Mashahidi waliingia mmoja mmoja, kila mtu na lugha yake, wakazunguka meza. Kwa kuwa hawakuwa na kokwa, walisema Kiswahili cha kuombea maji, nacho kiliwatosha.

Mama mmoja wa Lilongwe alianza. Kwao moyo ni uhai wenyewe, si nyama iliyomo kifuani. Hiyo nyama wanaiita mtima, neno ambalo hata Waswahili wa kale walikuwa nalo kwenye mashairi yao kabla hawajaliacha likae kabatini. Mzee wa Kikongo akasema wahenga wao waliliita hivyo tumbo linalobeba mtoto, na roho pia. Mtaalamu wa kituo akaongeza kwamba neno hilo limetoka kwa babu mmoja, zamani sana, kabla watu hawajatawanyika misituni, na kwamba wenzake bado wanabishana kama umoya wa Wazulu, yaani upepo na roho, ni ndugu wa damu au ni jirani tu aliyefanana sura. Alisema hayo kwa furaha kabisa. Kuna watu wanaweza kukueleza historia ya nyumba yako huku inaungua.

Shahidi wa tatu alikuwa bwana mrefu kutoka Masvingo, jasho likimtiririka shingoni.

"Mimi naitwa Tendekai Moyo," alisema. "Moyo ni mwiko wetu. Ng'ombe akichinjwa, hatuli moyo wake. Baba yangu ni Moyo, na babu yangu. Mkifunga, ukoo wangu utaitwaje?"

"Mtapewa namba ya muda," alijibu Daktari Mwampashi kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, na ubaya wake ulikuwa hapohapo. "Ndugu yangu, tuna wagonjwa wanaosubiri mioyo ya chuma katika hospitali tisa. Daktari anasema kiungo, mgonjwa anasikia uhai. Wanatoroka vitandani, wanafia njiani. Wewe ungependa niende nikawaambie wajane kwamba tumewaacha wafe kwa ajili ya jina?"

Tendekai akainamisha kichwa. Generoza naye alitafuta jibu moyoni mwake, akakosa, na kukosa huko kulimtisha kuliko kitu kingine.

"Wa mwisho, Kiluba," alisema Daktari.

Shahidi wa Kiluba alikuwa amelazwa kwa malaria, kwa hiyo Generoza mwenyewe alitakiwa kusoma ushahidi wake. Aliusoma kwa sauti iliyokauka. Kwa Waluba wa Kasai, moyo ni uhai, na kwa hiyo ni salamu. Ukikutana na mtu unamwambia, Moyo. Unampa uhai kabla hujamwomba kitu.

Alikuwa hahitaji kusoma. Alipewa salamu hiyo mara ya kwanza hapo mpakani Tunduma, kwenye foleni ya ushuru, na kijana wa Kananga mwenye mabega mapana aliyeitwa Tshibangu. "Moyo webe," alimwambia, kokwa ikajikwaa ikamletea "moyo wako" tu, na Generoza akacheka mpaka akadondosha karatasi zake, akidhani kijana wa watu anamtangazia mapenzi mbele ya maofisa. Ndoa yao ilianzia kwenye kicheko kile. Binti yao alipewa jina la mama yake Tshibangu, kwa hiyo kila asubuhi baba mtu alimwamsha kwa heshima zote, "Moyo, mamu," yaani uhai kwako, mama, kama anayemsalimia mzazi wake, na mtoto akaitikia kwa madaha kama bibi mzima. Tshibangu alifariki Ngalula akiwa na miaka mitano. Alichobakiwa nacho mtoto ni hiyo salamu, na vyote alivyovikumbuka vya baba yake vilining'inia hapo.

"Maana itakayobaki ni kiungo kinachosukuma damu," alisema Daktari. "Bi Nyenza, utageuza ufunguo. Usipogeuza, Shina litafunga lenyewe jua likifika utosini, na wewe utarudishiwa kokwa yako kabla ya hapo kama raia mwingine yeyote. Unalijua hilo."

Alilijua. Akigeuza, atakumbuka peke yake, na mtoto atamtazama baba yake pichani kama anavyotazama mtu wa kwenye karatasi ya sabuni. Akikataa, hata yeye atasahau. Alitazama dirishani. Jua lilikuwa linapanda bila aibu.

*

Ilikuwa desturi ya kituo hicho kwamba kabla ya ufunguo kugeuzwa, Shina lilifunikwa tena kwa kitambaa cheupe na watu wote wakasimama kimya. Waanzilishi walitaka maana zinazoondoka ziagwe kwa heshima. Basi wakafunika, wakasimama, wakainamisha vichwa.

Kimya kilipokolea, mlango wa nyuma ulifunguliwa akaingia Menas Ngonyani, fundi wa mitambo ya kupozea, bisibisi sikioni na ovaroli lenye madoa. Naye siku hiyo hakuwa na kokwa, kwani fundi aliyekaribia Shina hakuruhusiwa kuwa nayo. Alimtazama Generoza usoni. Akakitazama kioo, alama za neno zikionekana kupitia kitambaa kwa mwanga wa mtambo uliokwisha kuwashwa. Kisha, bila haraka, akavua viatu, akapanda juu ya meza ya ufunguo na kulala chali, mikono kifuani.

"Menas!" Daktari Mwampashi alishtuka. "Unafanya nini wewe?"

"Nimekuja msibani, Daktari. Naona sanda. Naona watu wamenuna. Naona mwenye msiba ni Mhehe." Akafumba macho. "Mimi ni Mngoni. Huyu mla mbwa hazikiwi mtu wake bila mtani kupewa haki yake."

Mama wa Lilongwe akajiziba mdomo. Tendekai akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

Generoza aliganda. Mara ya mwisho Menas kulala hivyo ilikuwa ndani ya kaburi la Tshibangu. Alishuka shimoni na suti yake, akalala kwenye udongo, akaapa hatoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa marehemu alimwahidi supu. Waombolezaji walimtukana, akawatukana, na Generoza, ambaye alikuwa hajala tangu msiba uingie, akacheka kisha akalia kisha akaomba uji. Ndiyo kazi ya mtani. Wengine huja kulia na wewe, yeye huja kukuzuia usife.

"Panya mkubwa wewe," Generoza alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. Mtani hujibiwa. "Toka mezani kwa watu kabla sijakutegea mtego."

"Nategwa kwa jogoo tu. Jogoo mweupe. Atoke kwake mfiwa, akamatwe na mfiwa mwenyewe kwa mkono wake."

"Nitaagiza sokoni sasa hivi," alisema Daktari.

"Wa sokoni mpikie mkeo. Nimesema wa kwake."

Jicho moja la Menas lilifunguka kidogo likamtazama Generoza. Halikuwa na mzaha hata chembe. Ndipo alipoelewa. Hakuwa anaomba jogoo. Alikuwa anamtuma nyumbani.

Daktari Mwampashi aliusogeza mkono kuelekea king'ora cha walinzi, akausimamisha njiani. Alizaliwa Mbozi na alikulia kwenye misiba kama watu wote. Mtu anaweza kusoma mpaka akavaa kofia ya kila chuo, lakini kumburura mtani kutoka kwenye maziko ni jambo ambalo mkono wenyewe hulikataa. Walinzi wangekuja, wangemwona Menas alivyolala, nao wangekataa vilevile.

"Nenda," alisema hatimaye. "Lakini uvae kokwa yako, lango na vizuizi vya njiani havimpitishi asiye nayo. Na Bi Nyenza, saa sita ikikukuta huko nje ukiwa nayo, mimi sitaweza kukusaidia."

Aliitoa kokwa yake kwenye bakuli, akaipachika kwenye tundu ambalo wafungaji waliachiwa nyuma ya sikio. Karibu na bakuli ilikuwa koleo. Aliichukua akaitia mfukoni, akidhani kila mtu ameona. Daktari alikuwa anakitazama kikombe chake.

*

Siku ya kufunga neno, mji wote ulikaa chini. Shule zilifungwa na malori yakaegeshwa, kwa sababu neno likifungwa kila kichwa hupata kizunguzungu kidogo, na dereva mwenye kizunguzungu ni msiba wa pili. Generoza alikimbia kwenye barabara tupu. Kila njia panda palikuwa na kizuizi, na kila kizuizi kilimsoma sikio kwa uvivu kabla ya kumruhusu. Alitamani kuing'oa kokwa hapohapo barabarani, lakini angekwama kati ya vizuizi viwili kama nzi ndani ya chupa. Kivuli chake kilikuwa kimefupika mpaka karibu akikanyage.

Ngalula alikuwa uani, amechuchumaa kati ya kuku.

"Mama! Mbona mapema?"

"Ingia ndani. Kaa hapa." Generoza alipiga magoti mbele yake. Alikusudia kuitoa tu, aeleze baadaye. Lakini alipoushika uso ule mdogo alijiona kama kituo kizima kimehamia mkononi mwake: mtu mzima mwenye chuma, anayeamua kichwa cha mwingine kibaki na nini. Akaishusha koleo.

"Ngalula, nisikilize. Leo wanalifunga neno la baba. Ukiwa na kokwa, utamsahau. Nikiitoa, utamkumbuka. Lakini hutawaelewa tena watu wa lugha nyingine."

Mtoto alifikiri. "Hata Tadala?" Tadala alikuwa rafiki yake wa upande wa pili wa mpaka, na walikuwa chanda na pete.

"Hata Tadala."

"Nani atatufundisha kuongea?"

Shule zilizofundisha lugha za jirani zilikwisha kugeuzwa maghala. "Mtajifunza wenyewe. Polepole. Mtaoneshana kwa vidole."

"Na shuleni?"

"Itakuwa taabu, mwanangu. Sikudanganyi."

"Wewe unaogopa?"

"Naogopa sana."

Ngalula aliitazama picha ukutani: baba yake amembeba mabegani, wote wawili wamefungua midomo kwa kicheko. Akaitazama kwa muda mrefu mno, na nje jogoo mweupe akawika, na Generoza akajizuia kwa nguvu zake zote asimharakishe.

"Toa," mtoto alisema, akainamisha kichwa. "Halafu utoe na yako."

"Nitatoa."

Koleo ilitakiwa kubanwa taratibu mpaka chuma kiinase kokwa. Vidole vya Generoza vililowa damu vikateleza. Akajaribu tena. Ngalula aliuma kanga ya mama yake asipige kelele. Mara ya tatu koleo ikanasa, na kokwa ikatoka, ndogo, imelowa, ikaanguka sakafuni. Generoza aliikanyaga. Akafuta damu. Akainua koleo kwenye sikio lake mwenyewe, akaibana.

King'ora kililia mji mzima.

Kizunguzungu kilimpitia kama usingizi wa mchana, kikaondoka. Alijikuta ameketi sakafuni na koleo mkononi. Mbele yake binti yake alikuwa analia bila sauti, damu shingoni.

"Ngalula! Nani amekuumiza?"

Mtoto alijifuta machozi kwa kiganja. Akanyoosha mgongo, akaweka uso wa heshima, na kwa sauti nzito ya kuigiza mtu mzima akasema, "Moyo, mamu."

Generoza alimwekea mkono kifuani haraka. "Moyo? Moyo unakuuma? Unadunda vibaya? Twende hospitali."

Ngalula alimtazama, kisha akainua macho juu ya bega lake, na katika macho yale Generoza aliona jambo lililomfanya ageuze shingo, afuate yalikokuwa yanaelekea, ukutani. Kulikuwa na picha. Mwanamume mwenye mabega mapana alikuwa amembeba Ngalula mabegani, wanacheka. Picha ilikuwa ndani ya nyumba yake, kwenye msumari wake, na fremu ilipanguswa vumbi vizuri, kwa kitambaa chake.

"Huyu bwana ni nani?"

Alipojisikia akiuliza, nywele zilimsimama. Akamkumbuka Mjomba juu ya gunia tupu. Bibi, wewe unaniona? Akawakumbuka wale waliopita langoni bila kiburi chochote, hawakumjua tu, na akafahamu kwamba sasa yeye ni mmoja wao. Alikuwa anampita mtu. Hakujua ni nani, wala alipoteza kiasi gani. Alijikagua ndani kama mtu anayepapasa gizani kutafuta jino lililong'oka, akaikuta nafasi, laini, pana, ikianzia kwenye foleni fulani ya mpakani ambako alidondosha karatasi na hakujua alicheka nini.

Uani jogoo aliwika tena, na Generoza akakumbuka kwamba yuko mtu amelala mezani kule kituoni anamsubiri. Hakukumbuka kwa nini.

Mkono mdogo uliokuwa na damu uliushika wake, ukamwondolea koleo, ukamvuta aketi vizuri mkekani. Katika mtaa mzima wa Majengo, mtoto huyo ndiye pekee aliyebaki akimfahamu mtu yule wa pichani.

"Usiogope, mama," alisema Ngalula, mdomo ukimchezacheza. "Anaitwa Tshibangu. Nitakwambia yote. Ila ukiniitikia vibaya, tunaanza upya." Akavuta pumzi, akapangusa kamasi, akarudi kwenye neno la kwanza. "Moyo, mamu."